Kabla hujapanda zile ngazi: maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu therapi

Nina chumba kimoja hapa Mombasa, juu ya duka la dawa, ngazi kumi na saba. Ndani kuna viti viwili, feni, boksi la tishu, na saa ya ukuta ambayo nimeitundika nyuma ya kichwa cha mteja ili niione mimi bila kuchungulia mkono, manake hakuna kitu kinamkata mtu maneno kama kumuona anayemwambia habari zake anaangalia saa. Ndo kazi yangu hiyo, kusikiliza watu kwa malipo.

Kabla mtu hajapanda hizo ngazi huwa ananiandikia WhatsApp. Wengi usiku baada ya saa nne, na wengine naona kabisa anaandika, anafuta, anaandika tena, alafu mwisho inakuja "Habari dada, ni bei gani" peke yake. Bei ndo swali rahisi kutoa mdomoni, yale mengine yako nyuma yake yamejificha. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Nimeandika ninavyoongea kwa hivyo msinitafutie sarufi, na mifano ya wateja nimeichanganya na kuibadilisha, ukijiona humu ujue si wewe.

Kitu kimoja ukijue mwanzo kabisa: kabla hujakaa, mwenye kuhoji ni wewe. Mimi ndo naomba kazi.

Na kama uko mahali unafikiria kujiua leo, usisome hii yote. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, ama shuka mpaka lile swali la kuzidiwa usiku kule chini.

Kwani kaunsela, mwanasaikolojia na daktari wa akili si mtu mmoja?

Sio mmoja, na hapa ndo watu wanapoteza pesa. Daktari wa akili amesoma udaktari kwanza kisha akasomea magonjwa ya akili, huyo anaweza kukuandikia dawa na kukulaza. Mwanasaikolojia amesoma saikolojia, anafanya vipimo na tiba ya mazungumzo, dawa haandiki. Kaunsela, yani mshauri nasaha, naye kazi yake ni mazungumzo, wapo wenye diploma na wapo wenye digrii mbili. Hilo neno therapisti lenyewe ni kama neno fundi, halikwambii ni fundi wa nini, kwa hivyo uliza. Mimi ni wa kundi la pili. Watu huniita daktari na nishachoka kuwarekebisha, lakini hata panadol utanunua hapo chini. Niite dada, niite kwa jina, bibi mmoja huniita mwanangu na huanza kwa kuniuliza mimi kama nimekula, sawa tu.

Nitajuaje wewe si tapeli?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na ndo watu wanaona haya kuuliza.

Kenya tuna sheria ya makaunsela na wanasaikolojia, ya mwaka 2014, na kuna Bodi inayosajili. Anayefanya kazi hii bila kusajiliwa anavunja sheria, hata awe na kapeti zuri na wafuasi laki mbili TikTok. Muulize umesajiliwa, namba yako ni gani, ulisoma wapi, na nani anakusimamia. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Therapisti wa maana ana supavaiza, mtu aliyemtangulia kikazi anayempelekea kesi zake bila majina ili amkosoe. Mimi ninaye, mara mbili kwa mwezi, na namlipa kwa mfuko wangu, na kuna siku natoka kwake nimenuna. Ukimuuliza mtu "nani anakusimamia" akakasirika, ushapata jibu, chukua mkoba wako.

Uliza pia kama ashawahi kushughulika na shida kama yako. Mimi msiba nafanya, wasiwasi nafanya, kiwewe, mambo ya ndoa. Mtu aliyezama kwenye unga, yani heroini, namwelekeza kliniki ya methadone, ile dawa ya kumsaidia kuacha, kule Kisauni kwanza, manake kumkalisha hapa tuongee utoto wake na huku mwili unamdai ni kumla pesa bure.

Haya, bei gani?

Kwangu 3,000 kwa kikao cha dakika 50. Hapa mjini utapata wa 2,000 na utapata wa 5,000, Nairobi wapo wanaopita hapo. Bei kubwa si dalili ya ujuzi, saa nyingine ni kodi ya ofisi tu. Na usikubali kulipa vikao kumi mwanzo ati kuna ofa, hii si gym. Lipa kimoja, onja, rudi ukipenda.

Kama 3,000 haipo, sema haipo. Nina nafasi tatu kwa wiki za nusu bei na sikuulizi ushahidi. Zikiwa zimejaa ntakwambia zimejaa. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha akili, Coast General pia wapo, foleni ndefu ila ni bei ya serikali. Na vyuo vinavyofundisha kaunseling huwa na wanafunzi wa mwisho wanaotafuta saa za mazoezi, wanakuona kwa pesa kidogo chini ya msimamizi, na wallahi wengine wanasikiliza vizuri kuliko sisi wenye vyeti ukutani, bado hawajachoka.

Bima: SHA, ile bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF toka Oktoba 2024 lakini inalipa vituo vyenye mkataba nayo, na chumba changu cha viti viwili si kituo. Bima ya kazini piga simu kabla hujaja, uliza wanalipa vikao vingapi, na uliza ile ripoti inayokwenda kwao inaandikwa nini na nani kazini ataiona. Wateja wangu wengine wana bima nzuri kabisa na wameamua kulipa wenyewe kwa sababu ya hilo swali la pili.

Siri yangu itabaki hapo?

Itabaki, isipokuwa mambo manne, na ntakwambia siku ya kwanza kabla hujafungua mdomo: nikiona uko karibu kujitoa uhai, nikiona unataka kumdhuru mtu fulani, kukiwa na mtoto anayeumizwa, ama mahakama ikiniamuru. Hata hapo nikiweza nakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mwingine. Mume hapigi simu akaambiwa. Mama mzazi aliyekulipia kikao haambiwi, hata akilia, na wanalia.

Daftari langu lina namba badala ya majina na kabati lina kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na una haki ya kuomba kuona nilichoandika juu yako. Watu wawili washaniomba. Mmoja alisikitika kuona nimeandika mistari minne tu kwa saa nzima ya kulia.

Lakini Mombasa ni mji mdogo na siri huvuja kwa njia ambazo sheria haizijui. Mwaka wangu wa kwanza, jina la tili yangu ya M-Pesa lilikuwa na neno kaunseling ndani. Mama mmoja akalipa, jioni mumewe akachukua simu kuangalia salio, akasoma meseji, na usiku ule haukuwa mzuri. Kosa langu. Sasa tili yangu inasoma kama duka lolote la mtaani. Ukienda kwa mwingine, muulize meseji ya malipo itaonyesha jina gani, ni swali la sekunde tano. Ama beba keshi.

Njia ya pili ni ngazi. Unashuka macho mekundu, unakutana na binamu yako anapanda. Kwa hivyo naacha dakika ishirini kati ya mteja na mteja, na ndo sababu sipendi mtu anayekuja nusu saa mapema akakaa pale nje. Zunguka kwanza, kunywa madafu.

Ya tatu ni harusi. Tutaonana kwenye harusi, hilo halina kuepuka, nusu ya wateja wangu ni jamaa ya watu ninaowajua. Mimi sikusalimii mwanzo. Si kiburi. Ukinisalimia ntakuitikia kama jirani, ukipita kama hunijui na mimi sikujui, na hatutaongea habari zako kwenye sahani ya pilau.

Si afadhali niende kwa sheikh, ama kwa pasta?

Mnadhani ntasema ni ushamba. Sisemi. Wengi mnakuja kwangu mkiwa mshapita huko, mmesomewa, mmekunywa kombe, yani maji ya aya, mmeombewa kesha mbili, na mnanificha kama watoto walioiba sukari. Niambie tu. Mtu aliyesomewa wiki nzima huku dada zake wamemzunguka, mara nyingi wiki hiyo amelala, na usingizi ni dawa kubwa. Naweza kukuona Jumanne na sheikh akakuona Alhamisi, hatugombanii mtu.

Mpaka wangu ni huu. Akikupiga, akikufunga, akikunyima chakula, akikuambia uache dawa za hospitali, ama kila ukirudi anataka mbuzi mwingine, hapo ntasema waziwazi na ntasema kwa sauti.

Na majini je? Sibishani kama jini lipo ama halipo, si somo langu. Nauliza lilianza lini. Mara nyingi tarehe ya jini na tarehe ya msiba, ama ya talaka, zinakaribiana sana. Na mtu akiniambia amerogwa namuuliza unamshuku nani, kwa sababu hapo ndo ntasikia habari za nyumba ile, nani alirithi shamba, nani hakusomeshwa.

Kuna na upande wa pili ambao sisi therapisti tunasahau: mwili. Kama umechoka, mzito, unalia bila sababu, moyo unakwenda mbio, nenda kapime damu kabla ya kuniletea mimi. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole inaweza kukufanya mnyonge hivyo hivyo, upungufu wa damu pia, na maneno yangu hayatibu tezi.

Siku ya kwanza kunafanyika nini haswa?

Unapanda, unakaa, nakupa maji. Kuna fomu ya kurasa mbili ya makubaliano, tunaisoma pamoja, usisaini kitu hujakielewa. Alafu nakuuliza: nini kimekuleta sasa hivi? Sio shida yako nini. Kwa nini leo na sio mwaka jana, manake wengi mna hiyo shida miaka sita.

Kisha maswali mengi ya kawaida. Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, unakula. Nani mko naye nyumbani. Nani amefariki. Unatumia dawa gani. Unatafuna muguka ama miraa, kiasi gani, na tafadhali hapa usinidanganye, sina mshipi wa askari. Kijana anatafuna toka saa kumi hadi usiku wa manane alafu anakuja kwangu na shida ya kukosa usingizi na moyo kudunda, tukianza kuchimba utoto wake tutachimba mpaka maji na bado hatalala.

Huwa natoa na karatasi ya PHQ-9, ni maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajipa 0 hadi 3, jumla haipiti 27. Iko kwa Kiswahili. Si mtihani, na haitoshi peke yake kusema una sonona, yani dipresheni, ila tukiijaza tena baada ya wiki sita unaona kwa macho kama umesogea.

Swali la tisa ni la kufikiria kufa ama kujidhuru. Mimi hulirudia kwa mdomo, nakutazama, nauliza waziwazi. Watu wanaogopa ati ukimuuliza mtu hivyo unampa wazo. Humpi. Mara nyingi anashusha pumzi, kwa sababu miezi yote hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwisho, dakika kumi zinazobaki ni zako: niulize chochote, na mimi nakwambia naona nini na nadhani tunaweza kufanya nini. Ukitoka kikao cha kwanza na hujaambiwa kitu chochote kuhusu mpango, uliza.

Utaniambia nimwache ama nisimwache?

La. Na wengine wanakasirika kweli. "Dada nimelipa 3,000, niambie nifanye nini." Washauri wa bure unao wengi, mama, shangazi, kungwi, marafiki wa chuo, kundi la WhatsApp la watu mia moja, na kila mmoja ana upande wake, mama anafikiria mahari, shangazi anafikiria majirani. Mimi sina cha kupata ukikaa na sina cha kupoteza ukiondoka. Hicho ndo unachonunua.

Akiwa anakupiga lakini ni habari nyingine. Hapo hatuzungukizungukii, tunapanga usalama wako kwanza, na namba ya 1195 ya dhuluma za kijinsia ni bure.

Nitaongea Kiswahili ama Kizungu?

Unayotaka. Ila nikwambie nilichoona. Mtu anaanza kwa Kizungu, anaongea safi kabisa, ana stresi ana dipresheni ana wasiwasi, maneno yote ameshayasoma kwa simu, na uso haujatikisika. Namuuliza, mamako ungemwambiaje? Ananyamaza. Alafu anasema, "Ningemwambia moyo wangu mzito." Na anashika kifua. Machozi yanatoka hapo, kwenye mzito.

Kiswahili kinaweka hisia ndani ya mwili na inanisaidia sana kazini. Roho inauma, kifua kinabana, kichwa kinawaka moto, tumbo joto, mwili umekufa ganzi. Fundo la moyo si kinyongo, na kinyongo si chuki, na mtu anajua tofauti yake bila kufundishwa. "Ana mawazo" hapa pwani inaweza kubeba ugonjwa mzima, mtu amekonda, hali, haongei, na watu wanasema tu ana mawazo. Kwa hivyo usihangaike kutafuta jina la ugonjwa wako kabla ya kuja. Niambie wapi panauma na tangu lini.

Mteja akichanganya Kigiriama, Kibajuni, Kiarabu, poa. Nisipoelewa nauliza. Ile kutafsiri yenyewe mara nyingi ndo inafanya kazi.

Niko Saudia, naweza kukuona kwa simu?

Unaweza, na mko wengi. Riyadh na Doha saa ni moja na Mombasa, Dubai na Muscat wametutangulia saa moja. Shida si saa, shida ni mahali. Dada zetu wa kazi za ndani wananipigia wakiwa stoo, bafuni, juu ya paa wanapoanika nguo, kwa sauti ya chini, na simu yenyewe wakati mwingine iko kwa madamu mpaka Ijumaa. Tunafanya tunavyoweza. Tunaweka neno la siri, ukilisema ujue nimejua kuna mtu ameingia, naanza kukuuliza habari za watoto nyumbani kama dada yako.

Kabla ya kikao cha kwanza cha mbali ntakuuliza uko wapi haswa na nipe namba ya mtu mmoja aliye karibu nawe, manake ukizidiwa mimi siwezi kutoka huku nikafika. Therapisti wa mtandaoni asiyeuliza hilo hajafikiria vizuri. Na voisi noti kumi na mbili za usiku si kikao, ntazisikia tutakapokutana.

Alafu hii ya saa. Kijana aliyekulia London alikuja likizo, nikamwandikia saa nne, akaja saa kumi jioni, kwake nne ni ile nne anayoiona kwenye simu. Tangu hapo naandika yote mawili, saa nne asubuhi, 10:00.

Nikichelewa? Nikikosa kuja?

Feri ya Likoni naijua, daraja la Nyali nalijua. Lakini muda wako ukiisha umeisha, anayefuata hana kosa. Kuhairisha nipe notisi ya saa 24, ama unalipa nusu. Msiba hauna notisi, sihesabu. Mjane aliye kwenye eda hawezi kutoka miezi minne na siku kumi, huyo tunaongea kwa simu bei ile ile.

Itachukua muda gani?

Inategemea. Tiba ya kubadili mawazo na vitendo, ile iliyoanza na Aaron Beck kule Marekani miaka ya 1960, mara nyingi ni vikao kati ya 6 na 20, kimoja kwa wiki. Majeraha ya utotoni huchukua zaidi. Akikuahidi mtu kukutibu kiwewe kwa kikao kimoja, muulize kwa nini sisi wengine bado tunahangaika.

Nilikwenda mara mbili nikatoka nikiwa mbaya zaidi. Ni kawaida?

Wiki za kwanza inaweza kuwa kawaida, umefungua kitu ulichokifunga miaka. Usipange kikao asubuhi ya siku ya mkutano mkubwa, na usiende moja kwa moja kupika chakula cha watu kumi. Lakini ikifika kikao cha tano, cha sita, na kila ukirudi nyumbani unazama zaidi, mwambie therapisti wako usoni. Labda njia haikufai. Labda yeye hakufai.

Na nikiona hunifai?

Unasema, "dada hatuendani," na mimi nakupa majina mawili ya wenzangu. Huhitaji kusingizia safari ya Nairobi. Nimesingiziwa safari nyingi za Nairobi.

Mimi mwenyewe nilikuwa mteja kabla ya kuwa hivi. Nilikwenda kwa mtu mmoja, jina siliweki, baada ya kumzika baba. Kikao cha pili simu yake ikalia, akapokea, akaongea habari za fundi wa bomba kama dakika tatu, mimi nimeshika tishu. Alipomaliza akasema, "Endelea, ulikuwa unasema mamako." Nilikuwa nasema baba. Nikaendelea tu, kwa adabu, na nikarudi kwake mara nne zaidi kwa sababu niliona haya kuacha! Mara nne. Hiyo pesa ningenunulia friji.

Kuna mambo ya kuondoka siku hiyo hiyo bila kuaga: akikugusa kimapenzi ama kukutongoza, akikukopa, akikuambia siri za wateja wengine kwa majina, akikulazimisha dini yake. Hilo la kwanza hasa, hata kama na wewe ulivutiwa naye, kosa ni lake siku zote, na Bodi inapokea malalamiko.

Naweza kuja na mume wangu? Na mtoto?

Mume, ndio, ila kama wewe nshakuona peke yako muda mrefu nawapeleka kwa mwenzangu, manake ataingia akijua nshasikia upande mmoja, na ni kweli nshausikia. Mtoto mdogo simchukui, tafuta aliyesomea watoto, wanatumia michezo na kuchora. Na usimlete kijana wa miaka kumi na sita kwa kumdanganya mnakwenda Mama Ngina kula mihogo. Nililetewa hivyo mmoja, alikaa dakika 50 anatazama feni.

Niache dawa nikianza therapi?

Usiache. Aliyeandika ndo mwenye kupunguza, polepole. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujahisi kitu, na watu wanaacha wiki ya pili kwa sababu "hazifanyi kazi". Dawa na mazungumzo pamoja, kwa sonona kali, mara nyingi huwa bora kuliko kimoja peke yake. Kumeza dawa hakukufanyi wa Mathari, na ile hospitali ya akili yenyewe iko Nairobi toka 1910, ni hospitali, si tusi.

Nikizidiwa usiku na wewe umelala?

Mimi nalala, simu naizima, nasema ukweli mapema ili usije ukaitegemea. Usiku piga 1199. Mtoto ama kijana, 116. Befrienders Kenya nao kazi yao ni hiyo hiyo ya kusikiliza mtu anayetaka kujiua. Kama umeshameza kitu usipige namba yoyote ya mazungumzo, amsha mtu, nenda hospitali iliyo karibu.

Na usiogope kwenda hospitali ati utashikwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinafanya kujaribu kujiua kosa la jinai, mpaka miaka miwili jela, na watu walikufa nyumbani kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

Nikuletee zawadi?

Mahamri ya Iddi napokea. Pesa ya ziada, dhahabu, simu, la.

Nikifika nikakosa la kusema je?

Hili ndo la usiku wa manane, lile linaloandikwa na kufutwa. Unakosa tu, tunakaa kimya, feni inazunguka. Anza na lolote. Mama mmoja alikaa nusu saa nzima ananieleza bei ya mchele, pishori imepanda, wa Pakistani una mawe, duka gani wanapima sawa. Sikumkatiza. Mwisho nikamuuliza, unapika wa watu wangapi? Akafungua mdomo, akafunga. Akasema anapimia kikombe kile kile cha zamani, na kila siku wali unabaki wa mtu mmoja.

Tukaanzia kwenye huo wali.